Kwa nini hawakumpa mwanangu dawa ya kutoa uvimbe kwenye ubongo?

Swali: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka mitano. Mwezi wa tano alilazwa kwa malaria kali, akapata degedege mara tatu, akakaa siku mbili na nusu bila kujitambua. Mungu ametusaidia, amepona. Lakini mguu wa kushoto anauburuta, na maneno mengine aliyokuwa anayajua yamepotea. Shemeji yangu ana duka la dawa, anasema ubongo ulivimba, na kama wangempa deksamethasoni asingebaki hivi. Mtandaoni nimesoma pia kwamba manjano yanazuia uvimbe wa ubongo. Je, ni kweli mtoto alinyimwa dawa? Na sasa nifanye nini? – Mama Neema, Geita

Marahaba, Mama Neema, na pole sana kwa kuuguza. Siku mbili na nusu kando ya kitanda cha mtoto asiyefumbua macho ni nyingi mno. Nimekaa na akina mama wengi katika saa hizo na najua hazisahauliki.

Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: hapana, mwanao hakunyimwa dawa. Shemeji yako ana haki katika jambo moja. Ubongo wa mtoto mwenye malaria kali huvimba kweli, na uvimbe ukizidi, mtoto hufa. Ila kutoka hapo kufika kwenye deksamethasoni kuna hatua ambayo hata sisi madaktari tuliiruka kwa miaka mingi. Tuliona uvimbe, tulikuwa na dawa inayotoa uvimbe, tukaitoa. Hakuna aliyekuwa amepima kama inasaidia.

Aliyekuja kupima ni daktari Mwingereza, David Warrell, na wenzake, huko Thailand. Walichukua wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria, wakawagawa kwa kura: nusu wakapata deksamethasoni, nusu wakapata dawa bandia inayofanana nayo, na anayewahudumia hakujua nani kapata ipi. Matokeo yalitoka mwaka 1982. Vifo havikutofautiana. Waliopona baada ya kupewa deksamethasoni walikaa bila fahamu kwa wastani wa saa 63, wenzao saa 47. Tena waliongoza kwa nimonia na kutokwa damu tumboni. Dawa iliyotolewa ili mgonjwa aamke ndiyo iliyomchelewesha kuamka. Tangu hapo steroidi, yaani deksamethasoni na jamii yake, zikaondolewa kwenye matibabu ya malaria ya ubongo, na ndiyo sababu waliomhudumia mwanao hawakuigusa.

Najua bado utauliza: sasa kama ubongo umevimba, dawa ya uvimbe inashindwaje? Hapo naomba unisikilize polepole kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo lote.

Kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, hubadilisha ngozi ya chembe ile ikawa na vinundu vinavyonata. Chembe hiyo ikipita kwenye vimishipa vyembamba vya ubongo hushika ukuta na kubaki pale. Inakuja nyingine, inashika, na nyingine tena, mpaka damu inapita kwa shida. Mwaka 2013 watafiti waliotumia damu ya watoto wa Tanzania waligundua kitu kinachonisikitisha kila nikikikumbuka: vimelea vya watoto walioumwa sana hushikilia protini moja ya ukutani ambayo kazi yake ya kawaida ni kutuliza damu isigande na kuta zisivuje. Kimelea kinakalia kiti cha mlinzi. Mlinzi akishaondolewa, kuta zinaanza kuvuja, maji yanaingia kwenye nyama ya ubongo, na ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halina pa kutanukia.

Kwa hiyo ule uvimbe ni matokeo. Chanzo ni chembe zilizonata. Steroidi haizinasui. Inachofanya ni kuishusha kinga ya mwili wote, na mtoto aliyelala bila fahamu, asiyeweza hata kukohoa vizuri, akishushwa kinga anafunguliwa mlango wa nimonia.

Kwamba uvimbe ndio unaoua tumelijua kwa uhakika juzijuzi tu. Blantyre, Malawi, ilipata mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya ubongo, na timu ya daktari Terrie Taylor ikaanza kuwapiga picha watoto wenye malaria ya ubongo. Kabla ya picha walimtazama kila mtoto ndani ya jicho. Hili lina sababu yake. Unamtia matone ya kutanua mboni, unasubiri, halafu unachungulia kwa taa ndogo mpaka nyuma kabisa, kwenye retina. Kama kweli ni malaria iliyouziba ubongo, unaona mabaka meupe na vimishipa vilivyopoteza rangi yake nyekundu, kwa sababu retina na ubongo ni ndugu wa damu. Kundi hilohilo la Blantyre lilionyesha mwaka 2004, kwa kuwachunguza watoto 31 waliofariki wakidhaniwa ni malaria ya ubongo, kwamba 7 kati yao walikufa kwa sababu nyingine kabisa. Walikuwa na vimelea kwenye damu, lakini kilichowaua hakikuwa malaria. Jicho ndilo lililowatofautisha.

Basi watoto 168 waliothibitishwa hivyo walipigwa picha. Walikufa 25, na kati ya hao 21 ubongo ulikuwa umevimba vibaya tangu siku ya kulazwa. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa na uvimbe wa namna hiyo ni 39. Na hao waliopona, walipopigwa picha tena, uvimbe ulikuwa unashuka. Matokeo hayo ya mwaka 2015 yananifanya niamini kwamba ubongo wa mtoto ukivushwa salama katika saa zile mbaya, wenyewe unaanza kujirudi.

Sasa utaona kwa nini watu wamehangaika kutafuta cha kuuvusha. Na utaona pia kwa nini sikubali mtu anaposema, tumpe tu, itadhuru nini?

Mwaka 1987 watafiti wa Geneva waliwaambukiza panya malaria inayowashika ubongo. Panya hao huwa na kemikali moja ya kinga, inaitwa TNF, iliyopanda sana. Walipopewa kingamwili inayoifunga TNF hiyo, hawakuugua ubongo. Miaka mitatu baadaye, Gambia, ikaonekana kwamba watoto wanaokufa kwa malaria ya ubongo nao wana TNF nyingi kuliko wanaopona. Ushahidi ulikuwa unapangana vizuri kweli: panya wamepona, watoto wana kemikali ileile, kilichobaki ni kuwapa watoto kingamwili. Mtu yeyote mwenye huruma angetaka kuwapa siku hiyohiyo.

Wakafanya majaribio kwa kura, Gambia hukohuko, watoto 610. Waliopewa kingamwili walikufa asilimia 19.9. Waliopewa dawa bandia walikufa asilimia 20.8, yaani sawa tu. Walipowahesabu waliobaki na ulemavu wa ubongo, kundi la kingamwili lilikuwa na asilimia 6.8, na kundi la dawa bandia asilimia 2.2. Kingamwili ile ilizima kemikali iliyokusudiwa, na watoto wakabaki na ulemavu mara tatu zaidi. Mama Neema, ulemavu huo ni wa aina hiyohiyo unayoilalamikia leo kwa mwanao.

Panya walitudanganya? Hapana, panya walisema kweli kuhusu panya. Katika ubongo wa panya wale, kinachojaa kwenye mishipa ni chembe nyeupe za kinga. Katika ubongo wa mtoto, kinachojaa hasa ni chembe nyekundu zilizobeba vimelea. Ukizuia kinga kwa panya umezuia ugonjwa. Kwa mtoto umeacha ugonjwa ulivyo na ukaondoa sehemu ya kinga.

Na kuna Kilifi, pwani ya Kenya, mfano ninaowasimulia madaktari wanafunzi kila mwaka. Degedege linadhuru ubongo, hilo hakuna anayelibisha. Kwa hiyo watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa sindano moja ya fenobabitoni mapema ili degedege lisije. Na kweli lilipungua: waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11, wenzao asilimia 27. Ukiishia hapo unapiga makofi. Lakini waliokufa katika kundi la fenobabitoni walikuwa 30, na katika lile jingine 14. Dawa ilituliza degedege, ikatuliza na pumzi, hasa kwa watoto ambao tayari walikuwa wamechomwa diazepamu, dawa nyingine ya kukata degedege, mara kadhaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000. Bila wazazi wa Kilifi waliokubali watoto wao waingie kwenye kura ile, leo dawa hiyo ingekuwa inatolewa kila wodi kwa nia njema. Mimi nawaheshimu wazazi wale kuliko ninavyoweza kueleza.

Usije ukatoka hapa ukidhani steroidi ni sumu kwa ubongo siku zote. Katika TB ya utando wa ubongo, usaha mzito hujikusanya chini ya ubongo, unaziba njia ya maji na kubana mishipa mikubwa. Hapo kinga yenyewe ndiyo inayoziba. Vietnam walipima kwa wagonjwa 545, matokeo yakatoka mwaka 2004: vifo vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 32 kwa waliopewa deksamethasoni pamoja na dawa za TB. Hiyo ni dawa inayookoa, na hutolewa kwa sababu hiyo. Ugeuke upande wa fangasi wa kriptokokasi, unaoshambulia ubongo wa watu wenye virusi vya UKIMWI: jaribio lililohusisha Uganda, Malawi na nchi nne za Asia lilisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu waliopewa deksamethasoni walibaki na ulemavu zaidi na fangasi alichelewa kufa kwenye maji ya uti wa mgongo. Dawa ni ileile na kiungo ni kilekile, ila anayeuvimbisha ubongo si yuleyule. Shemeji yako pengine aliona mgonjwa wa TB akiinuka kwa deksamethasoni, na alichoona ni kweli. Hakikuwa malaria.

Kwa hiyo nini kimethibitika kulinda ubongo katika malaria? Kuua vimelea haraka, kabla havijakua vikaanza kunata. Kwinini inaviua vikishakua na vikishashika ukuta. Atesuneti, dawa ya malaria inayotolewa siku hizi, inaviua vikiwa bado vichanga vinavyozunguka. Tofauti hiyo ilipimwa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, wakiwemo wa Korogwe, Muheza na Kilifi, na mwaka 2010 ikatangazwa: waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Kichupa kile cha unga mweupe ambacho muuguzi alikichanganya mbele yako, akakitikisa mpaka kikawa maji meupe safi, akakivuta kwenye sindano, hicho ndicho kilichokuwa dawa ya ubongo wa mwanao. Kingine ni sukari. Mtoto asiyejitambua sukari yake hushuka bila dalili ya pekee, na ubongo usio na sukari unakufa kimya. Ukikumbuka walivyokuwa wanamtoboa kidole kila baada ya saa chache, walikuwa wanailinda hiyo.

Na muda. Tanzania, Ghana na Bangladesh zilishiriki jaribio la kumwekea mtoto kidonge cha atesuneti njia ya haja kubwa palepale kijijini, kabla ya safari ya hospitali. Kwa wale ambao safari ilizidi saa sita, vifo na ulemavu wa kudumu vilipungua kwa nusu, kutoka asilimia 3.8 hadi 1.9. Sitaki kukificha kilichofuata: Kongo, Nigeria na Uganda zilipokisambaza kidonge hicho kwa wingi, nafuu hiyo haikuonekana, kwa sababu watoto wengi walipewa kidonge bila kufikishwa hospitali au bila kumalizia dozi ya dawa mseto. Kidonge kinanunua muda wa safari. Safari yenyewe lazima ifanyike.

Manjano nayapitia haraka. Kiini chake, kakumini, kimejaribiwa kwa panya wenye malaria ya ubongo na kikawasaidia kiasi. Umeshaona panya wanatufikisha wapi. Zaidi ya hapo, kakumini ukiila hainyonywi tumboni ila kidogo sana. Weka manjano kwenye wali na mchuzi, mtoto ale kwa raha. Usiyaite dawa, na usimkoroge kijiko kizima kwenye maziwa kila siku kama nilivyoona watu wakielekezana.

Tuje kwa mtoto mwenyewe, maana ndiye uliyeniandikia kwa ajili yake.

Deksamethasoni usimpe hata sasa. Uvimbe umeshashuka, hakuna cha kushusha, na ukimpa kwa wiki kadhaa atanenepa uso, atapoteza kinga na tezi zake zitalala. Mguu unaoburuta na maneno yaliyopotea, kwa watoto wengi hupata nafuu kubwa katika miezi sita ya mwanzo, na wengine husahau kabisa kwamba waliwahi kuchechemea. Nafuu hiyo huja haraka zaidi mguu ukitumiwa. Muombe daktari rufaa ya mazoezi ya viungo hospitali ya mkoa, na nyumbani mfanye apande ngazi, apige mpira kwa mguu ule wa kushoto, achuchumae na kusimama akiokota punje za mahindi sakafuni. Mazoezi yawe mchezo. Akichoka mwache.

Maneno yanahitaji mtu wa kuzungumza naye. Usimsahihishe, wala usimcheke akisema "ile ya kunywea" badala ya kikombe. Mpe kikombe, ukitaje: kikombe. Simu na televisheni havimjibu mtoto, dada zake na bibi yake wanamjibu. Kabla ya yote, apimwe masikio, kwa sababu malaria kali huweza kuchukua usikivu, na mtoto asiyesikia anaonekana kama aliyesahau.

Kuna mawili ya kuyaangalia kwa muda mrefu. Blantyre waliwafuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo, na 12 kati yao walipata kifafa baadaye, wakati kati ya watoto 264 waliougua mengine hakupata hata mmoja. Kwa hiyo akipata degedege siku ambayo hana homa, usilihesabu kuwa malaria tena wala jambo la ndege au mashetani. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Likizidi dakika tano mkimbizeni hospitali, na hata likikatika mapema mpeleke kesho yake kliniki ya kifafa. Dawa zake zipo na zinafanya kazi.

La pili ni shule. Kampala waliwapima watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili, na miaka miwili baada ya malaria ya ubongo takriban mmoja kati ya wanne alikuwa bado ana shida ya kukumbuka, kujifunza au kutuliza akili, ingawa kwa macho alionekana mzima. Wako utamwandikisha darasa la kwanza muda si mrefu. Nenda ukamweleze mwalimu mapema yaliyompata, ili akisahau herufi asichapwe kwa uvivu. Uganda hukohuko, Paul Bangirana na wenzake wamejaribu michezo ya kompyuta ya kufundisha kumbukumbu na umakini, vipindi 16 katika wiki nane, na watoto waliopitia malaria ya ubongo wakafanya vizuri zaidi kwenye baadhi ya vipimo. Utafiti ule ulikuwa mdogo, lakini umenifundisha kwamba ubongo wa mtoto bado unafundishika baada ya pigo. Kama hakuna kompyuta, bao, kete, vitendawili na kumtuma dukani akanunue vitu viwili kisha vitatu bila karatasi, vyote vinazoesha kumbukumbu na umakini.

Malaria inaweza kumrudia pia, kwa hiyo alale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, na homa yoyote apimwe siku hiyohiyo, isisubiri kesho.

Nunua daftari dogo. Kila Jumapili andika maneno mapya aliyoyasema wiki hiyo, na ni ngazi ngapi amepanda bila kushikwa. Ukienda kliniki mwezi ujao, mpe daktari daftari hilo kabla hajamgusa mtoto.